Huduma ya Kwanza Nyumbani: Damu, Moto na Viungo Vilivyoteguka



Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Panga huteleza wakati wa kuchanja kuni, mtoto huvuta sufuria ya uji, kijana huanguka na pikipiki, bibi hujikwaa kizingitini. Hata nyumba yenye uangalifu mkubwa haikosi siku ya namna hiyo. Lakini mara nyingi linaloamua kama mtu atapona vizuri, atabaki na kilema au atapoteza maisha si ajali peke yake. Ni yale yaliyofanywa na mikono ya kwanza iliyomgusa, kabla hajafika zahanati.

Mikono hiyo kwa kawaida si ya daktari wala ya muuguzi. Ni ya mama, ya baba, ya kaka mkubwa, ya jirani aliyesikia yowe. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze pamoja namna ya kumsaidia mtu anayetoka damu, aliyeungua, au aliyeteguka na kuvimba. Tutaona kwamba vitu vinavyookoa maisha katika dakika za mwanzo ni vitatu, navyo vimo katika kila nyumba: mkono unaobana, maji safi na kitambaa safi. Tutaona pia kwamba vitu vingi tunavyokimbilia kupaka huongeza madhara.

KABLA YA KUMGUSA MAJERUHI

Kwanza, angalia usije ukawa majeruhi wa pili. Kama mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima umeme kwenye swichi kuu. Kama ameanguka barabarani, hakikisha magari yamesimamishwa. Kama ni moto wa petroli au gesi, usiingie kichwa kichwa.

Pili, jikinge na damu. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaweza kupita katika damu ikiwa ngozi yako ina jeraha. Vaa glavu. Kama hakuna, vaa mfuko safi wa plastiki mkononi, au tumia kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Mgonjwa mwenye fahamu anaweza pia kubana jeraha lake mwenyewe huku ukimwelekeza. Damu ikikurukia machoni au kwenye kidonda, osha kwa maji mengi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ipo dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri ya mapema ndivyo ilivyo bora. Hofu hii isitufanye tumwache mtu afe kwa kutoka damu. Tujikinge, kisha tusaidie.

Tatu, ongea na mgonjwa kwa utulivu. Maneno machache kama "Pole mama, tuko nawe, nabana hapa damu isitoke" humtuliza. Umati unaopiga kelele na kumzunguka humwongezea hofu na kumnyima hewa. Wape watu kazi: mmoja alete maji, mmoja atafute usafiri, mmoja awaondoe watoto.

DAMU INAYOTOKA

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 ana damu isiyofika lita 1. Kwa hiyo damu ambayo kwa baba ni hasara ndogo, kwa mtoto mchanga yaweza kuwa hatari kubwa. Mzazi asingojee kuona dimbwi.

Mwili wenyewe unajua kuziba jeraha. Damu ikitulia huganda, nayo hiyo damu iliyoganda huwa kama kizibo. Kazi yetu ni kuupa mwili nafasi ya kufanya hivyo. Fuata hatua hizi:

1. Mlaze au mketishe mgonjwa. Funua jeraha ulione.

2. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kwa mfano kipande cha kanga iliyofuliwa, na ubane kwa kiganja kwa nguvu.

3. Endelea kubana kwa dakika 10 kamili bila kuinua mkono. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunabana kidogo, tunafunua kuchungulia, tunabana tena. Kila tunapochungulia tunakibandua kile kizibo kilichoanza kushika, na damu inaanza upya. Tumia saa au simu kuhesabu dakika.

4. Kitambaa kikilowa, usikitoe. Weka kingine juu yake, ubane zaidi.

5. Damu ikikoma, funga jeraha na vitambaa vyake kwa bendeji au utepe wa nguo. Ufunge imara, lakini si mpaka vidole viwe baridi, vya bluu au vifanye ganzi.

Kama jeraha la mkono au mguu linarusha damu kwa nguvu, na kubana kwa mkono kumeshindwa, hapo ndipo tunapofunga kwa kukaza juu ya jeraha. Chukua utepe wa nguo wenye upana wa vidole vitatu au vinne. Usitumie kamba nyembamba wala waya, kwani hukata nyama. Ufunge kati ya jeraha na kiwiliwili, upana wa vidole vinne juu ya jeraha, usiwe juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Weka kijiti imara juu ya fundo, funga tena, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome, na ukifunge kisilegee. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso la mgonjwa, mkimbize hospitali. Mafunzo ya zamani yalisema ulegeze kila baada ya dakika chache. Siku hizi tunafundishwa tusilegeze: kazi hiyo ni ya watabibu. Kufunga huku kunauma sana, na kukiachwa kwa saa nyingi mguu au mkono unaweza kufa. Basi ni kwa damu inayotishia uhai tu. Kamwe si kwa aliyeumwa na nyoka. Huyo asifungwe wala asichanjwe, bali atulizwe na apelekwe hospitali upesi.

Mambo mengine ya kukumbuka kuhusu damu:

Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kama kisu, kipande cha chupa au kipande cha bati, usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Bana pembeni yake, kizungushie vitambaa kisitikisike, umpeleke mgonjwa hivyo hivyo.

Utumbo ukitokeza nje, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji safi.

Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kipelekwe pamoja na mgonjwa.

Damu ya puani: mketishe mgonjwa aelekeze uso mbele, si nyuma. Akiinamisha kichwa nyuma atameza damu na kutapika. Abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo.

Mama mjamzito anayetoka damu nyingi au kidogo, na mama aliyejifungua ambaye damu yake haikomi, hana huduma ya nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja.

DAMU ISIYOONEKANA

Mtu anaweza kupoteza damu nyingi bila tone moja kudondoka chini. Kijana ameanguka kutoka mwembeni, au usukani wa baiskeli umempiga tumboni. Anainuka, anasema yuko salama. Baada ya saa chache anapauka, anatoa jasho la baridi, ana kiu kali, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tumbo limekuwa gumu. Huyo anavuja damu ndani. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Mlaze chali, inua miguu yake kiasi cha sentimeta 30 kama haikuvunjika, mfunike asipate baridi, na msafirishe bila kuchelewa. Dalili hizo hizo zikionekana kwa mtu mwenye jeraha la nje, maana yake ni moja: damu imepungua mno.

KUUNGUA

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba ni kweli haichomwi nayo, lakini mtoto huchomwa. Watoto wadogo wengi huunguzwa na maji, chai, uji na mboga iliyotoka jikoni, kwa sababu jiko letu lipo chini, kwenye kimo chao.

Ukiepua sufuria ya ugali, utaona bado unatokota ingawa hauko tena motoni. Ngozi nayo iko hivyo. Moto ukishaondoka, joto lililoingia ndani huendelea kuiunguza nyama ya chini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kuungua ni kulitoa joto hilo, na kinacholitoa ni maji.

1. Mwondoe mgonjwa kwenye moto. Nguo zikiwaka, asikimbie. Upepo huuchochea moto. Alale chini na kujiviringisha, au umfunike kwa blanketi zito.

2. Vua haraka nguo zilizolowa maji ya moto, maana nguo hushikilia joto. Vua pia pete, bangili na shanga kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Kata pembeni yake.

3. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi. Usikome kwa sababu mtoto analia. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata au kikombe, polepole, mfululizo. Pale ambapo maji ni ya shida, kinga kwa beseni safi na uyamimine tena. Hata kama umechelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo. Usitumie barafu, kwani nayo huiumiza ngozi.

4. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, hasa kwa mtoto mdogo, ili asipoozwe mwili mzima.

5. Funika palipoungua kwa plastiki safi ya jikoni au kitambaa safi kisicho na nyuzi. Kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi yafaa. Pamba haifai, kwa sababu hunata.

6. Usipasue malengelenge. Ngozi ile ni kifuniko kinachozuia vijidudu.

Mtu aliyemwagikiwa na asidi ya betri au dawa ya mifugo aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 20, huku nguo zikivuliwa. Aliyeingiwa machoni aoshwe macho kwa muda huo huo.

Sasa tuseme wazi juu ya yale tunayopaka. Dawa ya meno, mafuta ya kula, yai, unga, majivu, tope, manyoya ya sungura, mafuta ya breki: vyote hivi huonekana katika vidonda vya wagonjwa wanaoletwa hospitali. Havitoi joto. Vingine hulifungia ndani. Vinaingiza vijidudu, na muuguzi analazimika kuvikwangua ili aone jeraha, jambo linalomtesa mgonjwa mara ya pili. Kwa nini basi watu huvisifu? Kwa sababu kuungua kidogo hupona kwenyewe hata usipopaka kitu. Mtu akipaka dawa ya meno na baada ya wiki akapona, sifa huenda kwa dawa ya meno, kumbe ni mwili uliojiponya. Siku ya kuungua kwa kweli, tunaiamini dawa hiyo hiyo na kuchelewa. Asali nayo hutumika katika baadhi ya hospitali kutibu vidonda, lakini hiyo ni tiba ya baadaye chini ya uangalizi. Dakika za kwanza ni za maji.

NANI APELEKWE HOSPITALI?

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama sehemu 1 kati ya 100 ya ngozi yake yote. Tumia kipimo hicho. Apelekwe hospitali:

– aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake;
– aliyeungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo;
– mtoto chini ya miaka 5, mzee, na mama mjamzito;
– aliyeunguzwa na umeme au kemikali, hata kama jeraha laonekana dogo. Umeme huunguza ndani;
– aliyevuta moshi ndani ya nyumba iliyoungua, hasa akikohoa au sauti ikikwaruza;
– ambaye ngozi yake imekuwa nyeupe, kahawia au nyeusi na haiumi.

Hili la mwisho hudanganya wengi. Mgonjwa asiposikia maumivu tunashukuru tukidhani ni nafuu. La hasha. Neva zimeungua pia, na kuungua huko ndiko kwa kina kuliko kote.

Wapo wazazi wanaomficha mtoto aliyeungua kwa kuogopa lawama au gharama. Kidonda hupona baada ya miezi, lakini vidole vimeshikana, kiwiko hakinyooki, kidevu kimevutwa kifuani. Mtoto huyo hashiki kalamu wala jembe. Mengi ya hayo yangezuilika kama angeonwa mapema na kufundishwa kunyoosha kiungo wakati kidonda kinapona. Mwenye kilema cha namna hiyo tayari asikate tamaa. Upasuaji wa kukunjua viungo upo katika hospitali kubwa, na wapo waliorudishiwa mikono yao.

KIFAFA NA MOTO

Katika vijiji vyetu wapo watu walioungua vibaya kwa sababu waliangukia motoni wakiwa na kifafa, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako ugonjwa huu umekuwa na wagonjwa wengi, madaktari wameandika habari za majeraha hayo tangu miaka ya 1960. Tuseme tena na tena: kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa upepo. Anayeangukia motoni avutwe mara moja, amwagiwe maji kama mtu mwingine yeyote. Dawa za kifafa zipo, na anayezitumia kila siku hupunguza sana hatari ya kuanguka. Jiko la nyumba yenye mgonjwa wa kifafa liinuliwe au lizungushiwe ukuta mdogo.

KUTEGUKA, KUVILIA DAMU NA KUVUTIKA MSULI

Mtu akikanyaga vibaya, kano zinazoshika kifundo cha mguu huvutika au kuchanika. Akigongwa, mishipa midogo chini ya ngozi hupasuka na damu kuvilia. Katika hali zote mbili kuna kutoka damu, ila kunafanyika chini ya ngozi. Ndiyo maana panavimba na kubadilika rangi.

Desturi yetu ni kumkanda mara moja kwa maji ya moto, au kumwita mzee anayejua kuchua amvute mguu. Nia ni njema, lakini tufikirie: joto huipanua mishipa, na kuchua huzidi kuichana. Uvimbe huongezeka. Katika siku 2 za mwanzo fanya kinyume:

Pumzisha. Asiukanyagie mguu ulioumia.

Poza. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 au 3. Pasipo na barafu, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi, kibadilishwe mara kwa mara.

Bana. Zungushia bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, isiwe ya kukaza mno. Bonyeza ukucha: rangi yake inapaswa kurudi mara uachiapo. Isiporudi, legeza.

Inua. Mguu uwekwe juu ya mto, mkono uning'inizwe kwa kanga shingoni.

Baada ya siku 2 au 3, maumivu yakipungua, aanze kukitumia kiungo kidogo kidogo. Hapo hata joto la kiasi laweza kumfariji. Kulala kitandani wiki nzima hukaza kiungo.

Mshuku kuvunjika kama kiungo kimepinda, kama mgonjwa hawezi kutembea hatua 4, kama mfupa wenyewe unauma ukiguswa, au mtoto anakataa kabisa kutumia mkono. Usinyooshe wala kuvuta. Kifunge kama kilivyo kwenye ubao au gazeti lililokunjwa, ukivuka viungo vya juu na chini ya palipoumia, umpeleke kupigwa picha. Vijiti vilivyofungwa kwa kukaza mno vimesababisha watu kukatwa miguu ambayo ingepona.

Tusisahau pia kwamba majeraha mengine hayatokani na ajali. Mama mwenye alama za kuvilia damu kila mara, au mtoto mwenye michubuko mipya juu ya ya zamani, anahitaji bendeji na anahitaji mtu wa kumwuliza kwa upole, wakiwa peke yao, nini kinaendelea. Kunyamaza si heshima kwa familia hiyo.

JERAHA CHAFU

Damu ikishakoma, jeraha dogo lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, mikono ikiwa imenawiwa. Ugoro, unga wa kahawa, mafuta ya taa na majani yaliyotafunwa visiingizwe kamwe. Jeraha lililoachama liende kushonwa siku ile ile.

Pepopunda: vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari uliochoma mguu shambani au zizini waweza kuviingiza ndani, mahali pasipofika hewa. Dalili huanza kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 21, taya likikaza. Jeraha likiwa chafu au la kina, na imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho ya pepopunda, au hukumbuki, nenda uchanjwe. Tunza kadi za chanjo za watoto.

Kichaa cha mbwa: aliyeumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini aoshwe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kupata chanjo siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huokoa.

KUMFIKISHA HOSPITALI

Wengine huuliza: mbona Msamaria mwema alimimina mafuta na divai katika majeraha? Hizo zilikuwa dawa za wakati wake, kwa majeraha ya mtu aliyepigwa. Tuangalie mambo mengine aliyoyafanya. Alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akaacha fedha. Huduma ya kwanza haikamiliki mpaka mgonjwa afike.

Kwa ajali za barabarani na ugomvi, wengi hukimbilia kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3. Fomu ni muhimu, lakini damu haingoji fomu. Mmoja aende polisi, mwingine aende moja kwa moja hospitali na majeruhi. Tanzania namba ya dharura ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Yafaa kila jumuiya ipange kabla: nani ana gari au bajaji ya kuaminika usiku, namba zake ni zipi, kituo kipi cha afya kiko wazi, na kiasi gani cha fedha kiwekwe akiba kwa dharura. Mambo haya yakitafutwa saa nane za usiku huku mtoto analia, ni kuchelewa.

KUZUIA

Tuinue majiko na kuyazungushia kizuizi. Mishikio ya sufuria ielekee ndani. Maji ya kuoga ya mtoto, tia ya baridi kwanza. Petroli isichanganywe na mafuta ya taa katika koroboi, maana hulipuka. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe taa wala kiberiti. Anayepanda pikipiki awe mwangalifu na bomba la moshi linalounguza mguu.

Na lori la mafuta likianguka, tukimbie mbali nalo. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, lori likalipuka. Waliokufa pale na hospitalini baadaye walizidi 100. Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa namna ile ile. Hakuna lita ya mafuta yenye thamani ya mtu.

KISANDUKU CHA NYUMBANI

Tafuta kopo au sanduku lenye kifuniko, uweke mahali ambapo mtoto hafiki lakini kila mkubwa anapajua: jozi mbili za glavu, vitambaa safi vilivyopigwa pasi, bendeji mbili, mkasi, sabuni, pini, dawa ya maumivu kama parasetamo, kalamu, na karatasi yenye namba za simu za usafiri na za kituo cha afya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Nyumbani kwetu, mtoto akiungua leo, kila mmoja angekimbilia kuchukua nini? Je, ni maji?

2. Tumekuwa tukipaka nini kwenye majeraha? Tuache kipi kuanzia sasa?

3. Kila mmoja ajaribu kubana mkono wa mwenzake kwa kitambaa dakika 10 bila kuachia. Tumeona ugumu gani?

4. Jumuiya yetu ina mpango gani wa usafiri wa dharura?

Mfundisheni hata mtoto wa darasa la tatu mambo matatu: damu, bana, moto, maji, uvimbe, baridi. Huenda siku moja atakuwa yeye peke yake nyumbani na mdogo wake.